Kaka amefariki, rehani imebaki: kisa cha nyumba ya Muyeye

Dada ni muuguzi Malindi. Kakake mkubwa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Lamu na jahazi la kubebea mchanga. Miaka minne na miezi minne iliyopita walichukua pamoja mkopo wa kununua nyumba Muyeye, kwa kuwa mshahara wa dada peke yake haukutosha. Bei ilikuwa shilingi 6,000,000. Dada alitoa 600,000 za mwanzo, benki ikatoa 5,400,000 za kulipwa kwa miaka 15, riba asilimia 14 kwa mwaka juu ya salio. Rejesho la mwezi likawa 71,914. Dada akitia 42,000 kutoka mshahara, kaka akituma 29,914 kwa M-Pesa, zote zikiingia akaunti ya pamoja, na tarehe 5 benki ikikata. Walilipa mara 52 bila kukosa. Kisha kaka akaanguka nyumbani kwake Lamu, akafariki, na akazikwa siku ile ile kama ilivyo ada ya Waislamu. Ameacha mjane, mama mzazi, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mdogo wao ana miaka 11.

Kisa hiki ni cha mfano na tarakimu zimepangwa ili hesabu ionekane. Sheria zinazotajwa ni za Kenya, na mitego ni ile inayonasa familia za pwani kila mara.

Matangani kila mtu ana lake. Mjomba anasema deni la benki hufa na mwenyewe. Jirani anasema benki itaiuza nyumba baada ya arobaini. Mjane, kwa uchungu na mapenzi, anamwambia dada: "Wifi, nyumba ile ni yako, sisi hatuna haja nayo." Kauli zote tatu hazina nguvu mbele ya benki wala mahakama. Ile ya wifi, ingawa imetoka moyoni, ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu dada ataishika na kupanga maisha yake juu yake, hali nyumba hiyo ina mayatima ndani yake.

Karatasi tatu kabla ya maneno mengi

Watu husema "kaka alinisainia" kana kwamba saini ni jambo moja. Mtu anayesaini mkopo wa nyumba anaweza kuwa mkopaji mwenza, anayedaiwa sawasawa na mwenzake. Anaweza kuwa mdhamini, ambaye hudaiwa mkopaji akishindwa. Anaweza pia kuwa mmiliki mwenza wa ardhi iliyowekwa rehani. Wengine ni yote matatu bila kujua. Kifo hugusa kila nafasi kwa njia yake: deni linaangaliwa kwenye barua ya ofa, dhamana kwenye hati ya rehani, umiliki kwenye hati miliki na daftari la msajili. Ziweke mezani zote tatu, pamoja na cheti cha bima ya mkopo kama kipo. Isipopatikana nakala nyumbani, iombwe benki kwa barua. Hali ya umiliki iulizwe kwa msajili wa ardhi Kilifi kwa ombi rasmi la kupekua daftari, maana nakala ya kabatini haionyeshi kila kilichoandikwa baadaye.

Katika kisa chetu, barua ya ofa inawataja wote wawili kuwa wakopaji, na ina maneno yanayopatikana karibu kila mkataba wa namna hii: wanadaiwa "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maana yake ni kwamba benki inaweza kumdai dada shilingi zote, si asilimia 58 aliyokuwa akiilipa. Ule mgawanyo wa 42,000 na 29,914 ulikuwa mapatano ya ndugu, na benki haukuihusu. Inaweza pia kudai mirathi ya kaka. Mjane na watoto hawadaiwi mifukoni mwao. Kinachodaiwa ni mali aliyoiacha marehemu, na mwisho wake ni hapo mali inapoishia.

Hati miliki inasema wao ni wamiliki wa ardhi moja kwa mafungu, nusu kwa nusu. Hapa pana kosa linaloaminiwa na wengi, hata baadhi ya wasaidizi wa mawakili: kwamba mmoja akifa, nyumba yote humwendea aliyebaki. Hiyo ni kanuni ya umiliki wa pamoja usiogawika. Kwa umiliki huo msajili hufuta jina la marehemu akiletewa cheti cha kifo, na mambo yakaishia hapo. Lakini tangu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 91, umiliki wa aina hiyo huanzishwa baina ya mume na mke tu, isipokuwa mahakama iwe imetoa ruhusa. Kaka na dada walionunua baada ya hapo, hata wangeandika "kwa pamoja", sheria inawahesabu kuwa wenye mafungu. Nusu ya kaka imeingia mirathi, na dada hairithi hata kidogo, kwa kuwa katika sheria ya Kiislamu mwana wa kiume humzuia dada wa marehemu.

Kama waliosaini wangekuwa mke na mume wenye umiliki usiogawika, upande wa ardhi ungemalizwa kwa cheti cha kifo. Deni na bima vingebaki vile vile.

Wiki ya kwanza: akaunti ya pamoja

Nyumba hazipotei kwa sababu benki ina haraka. Hupotea kwa sababu marejesho yalikatika kimya kimya huku watu wakisoma hitma. Akaunti ya dada na kaka ilikuwa ya saini mbili. Benki ikipata habari ya kifo huifunga, na agizo la kukata rejesho kila mwezi linasimama. Mshahara wa dada unaendelea kuingia humo humo na yeye hawezi kuutoa. Mwezi wa kwanza anadhani benki imekata kama kawaida. Mwezi wa pili anapata ujumbe wa simu. Siku 90 zikipita, kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinaitaka benki iuweke mkopo huo katika fungu la mikopo isiyolipika, na jina la dada linaweza kufika kwenye ofisi za kumbukumbu za wakopaji. Akitaka kupangiwa upya baada ya hapo, anaingia mlangoni akiwa tayari na doa.

Kwa hiyo dada afungue akaunti yake mwenyewe, aandikie ofisi ya mishahara wabadilishe, na siku hiyo hiyo aipelekee benki barua ya kutoa habari ya kifo. Barua itaje nambari ya mkopo, tarehe ya kifo, akaunti mpya ya kukatia, anwani na simu ya dada kuwa ndiyo njia ya mawasiliano, na maombi manne: taarifa ya salio lilivyokuwa siku ya kifo, nakala ya cheti cha bima, fomu ya madai, na jina la afisa atakayeshika faili. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Kuificha benki habari ili akaunti isifungwe ni kujichimbia shimo, kwani bima nyingi zina muda wa kuarifiwa.

Kuna jambo linalofanywa kwa nia njema nalo ni kosa la jinai. Simu ya marehemu ipo, nambari ya siri inajulikana, na M-Pesa ina pesa, basi mtu hulipa rejesho kutoka humo. Au dada ana wakala ulioandikwa kisheria wa kumsainia kaka, naye anaendelea kuutumia. Wakala hufa na aliyeutoa. Na kugusa mali ya marehemu bila kibali cha mahakama kunaangukia kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi: faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote, tena unatakiwa uirudishe mali uliyoigusa. Pengo la 29,914 kwa miezi hii ya mwanzo lizibwe na pesa ya dada au ya ndugu walio hai, na liandikwe kuwa ni lao.

Bima: nani amekatiwa, na kiasi gani

Karibu kila benki hukata bima ya maisha ya mkopaji pamoja na mkopo wa nyumba. Swali la kuuliza ni bima ya nani. Mara nyingi mkopaji wa kwanza tu ndiye aliyemo. Mdhamini asiye mkopaji kwa kawaida hayumo kabisa. Pengine wote wawili wamo, kila mmoja kwa fungu lake. Katika kisa hiki cheti kinasema dada asilimia 60 ya salio, kaka asilimia 40.

Baada ya marejesho 52, salio ni takriban 4,767,448. Asilimia 40 yake ni 1,906,979. Bima ikilipa, linabaki deni la 2,860,469. Hapo dada ana njia mbili, na benki isimchagulie. Akiacha miezi 128 iliyobaki kama ilivyo, rejesho linashuka hadi 43,148. Akiendelea na 71,914, deni linakwisha kwa miezi 54. Njia ya pili inaokoa riba nyingi sana, ila tumpime. Mshahara wake mzima ni 112,000, na baada ya kodi, makato ya lazima na chama cha akiba anapokea 81,000. Sheria ya Ajira inakataza makato kuvuka theluthi mbili ya mshahara, yaani lazima abaki na angalau 37,333. Kwa rejesho la 43,148 anabaki na 37,852, ambayo inapita kwa shilingi 519 tu. Kwa 71,914 anabaki na 9,086. Basi ni 43,148, na akipata ziada ailipe kupunguza salio, baada ya kusoma kama ofa inatoza ada kwa kulipa mapema.

Mwenye kudai bima ni benki, kwa kuwa ndiyo inayolipwa. Kazi ya familia ni kupeleka karatasi: cheti cha kifo kilichothibitishwa, nakala ya kitambulisho, kibali cha mazishi, taarifa ya daktari, fomu ya madai. Mtego wa pwani uko kwenye taarifa ya daktari. Kaka alifia nyumbani na akazikwa kabla ya magharibi. Hapakuwa na uchunguzi wa maiti, na kwenye taarifa ya naibu wa chifu sababu ya kifo imeandikwa "alianguka ghafla". Kampuni ya bima haitalipa kwa maneno hayo mawili bila kuuliza. Familia ikusanye mapema kadi za kliniki, risiti za dawa, barua ya daktari aliyekuwa akimtibu, na viapo vya watu wawili waliokuwapo. Ukingoja mpaka bima iulize, unapoteza miezi miwili au zaidi, maana karatasi ziko Lamu na faili liko Malindi, na kila pungufu ni safari ya boti hadi Mokowe na basi kupitia Witu na Minjila. Kifo pia kisajiliwe ndani ya miezi 6. Baada ya hapo usajili unahesabiwa umechelewa na unataka maelezo zaidi.

Kuchelewa kuna bei inayohesabika. Bima hulipa salio la siku ya kifo. Riba ya lile fungu la 1,906,979 ni 22,248 kila mwezi, na benki inaendelea kuihesabu mpaka pesa iingie. Miezi minne ni 88,992. Dada aombe kwa maandishi malipo ya bima yahesabiwe kuanzia tarehe ya kifo. Benki hailazimiki kila mara, lakini nyingi hukubali zikiombwa kabla ya faili kufungwa. Ikifungwa, ni vigumu kuifungua.

Ugumu wa pili ni maradhi yasiyotajwa. Tuseme kaka alikuwa na sukari kabla ya kusaini, na kwenye fomu ya afya palipoulizwa maradhi ya kudumu pamejazwa "hapana". Bima inaweza kukataa kwa sababu hiyo. Dada asikubali kukataliwa kwa mdomo. Aombe sababu kwa maandishi na nakala ya fomu yenyewe, kisha aangalie mambo matatu: fomu ilijazwa kwa mkono wa nani, kaka au afisa wa mikopo, mkopo ulikuwa wa kiasi ambacho bima ilitaka uchunguzi wa daktari au ulikuwa chini ya kiwango hicho, na lile swali liliulizwa waziwazi au halikuulizwa. Asiporidhika, malalamiko yaende kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Na kama bima inasema ada haikulipwa, taarifa za akaunti ya mkopo zifunguliwe mwaka kwa mwaka. Ikiwa benki ilikata ada ya bima kwenye akaunti na haikuifikisha, kosa si la mkopaji, na jambo hilo apewe wakili mapema.

Mirathi: kibali, na mjane aliye edani

Bima ikilipa, bado jina la kaka liko kwenye hati na kwenye rehani. Benki haitabadilisha chochote kuhusu upande wake mpaka aje msimamizi wa mirathi mwenye kibali. Kwa Mwislamu, mgao unafuata sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi ina uwezo ikiwa pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Lamu ina kadhi na Malindi ina kadhi. Kwa kuwa warithi na mali nyingi ya marehemu viko Lamu, kufungua huko kunawapunguzia mjane na watoto safari. Ugomvi na benki, kwa mfano kuhusu riba au mnada, haumo katika uwezo wa kadhi, kwani benki si mtu wa dini na suala si la mirathi. Huo unapelekwa mahakama za kawaida.

Kinachohitajika ni cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi wote, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ridhaa za warithi wazima, na orodha ya mali na madeni. Orodha itaje nusu ya nyumba ya Muyeye pamoja na rehani yake. Wanaoficha deni ili mirathi ionekane kubwa huishia kugawana kitu kisichokuwapo. Tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali, na siku 30 huachwa kwa mwenye pingamizi. Kwa kuwa kuna mtoto chini ya miaka 18 ambaye fungu lake litatunzwa, wasimamizi wawe wawili au zaidi. Mjane na shemeji wa kiume mwaminifu ni mpango wa kawaida. Dada asiwe msimamizi, hata akiombwa kwa heshima, maana yeye ndiye atakayekuja kununua au kudai dhidi ya mirathi hiyo, na mtu hawezi kusimama pande zote mbili za meza.

Mjane yuko edani miezi minne na siku kumi, na familia nyingi huacha kila kitu mpaka eda iishe. Si lazima. Kamishna wa viapo au wakili anaweza kwenda nyumbani, akakaa mahali panapofaa na mahramu akiwapo, na kiapo kikasainiwa pale. Miezi minne ni mirefu kwa mkopo. Uthibitisho wa kibali kwa kawaida huja baada ya miezi 6 tangu kilipotolewa. Kukiwa na jambo la haraka, kama bima inayomtaka mwakilishi au kodi ya nyumba isiyo na wa kuipokea, wakili aombe kibali cha muda cha kukusanya na kuhifadhi mali.

Mgao wenyewe, baada ya gharama za mazishi na madeni, yakiwemo mahari ambayo hayakumalizwa, ni huu: mjane thumuni (moja katika nane), mama sudusi (moja katika sita), na kinachobaki watoto, wa kiume maradufu ya wa kike.

Nusu ya kaka ina thamani gani

Hapa ndipo wifi wawili waliokuwa wakiliana mabegani huacha kusalimiana, na ndipo tunapotaka hesabu ifanywe mapema na mbele ya wote. Mthamini aliyesajiliwa ameipa nyumba 7,400,000. Nusu ni 3,700,000. Nusu hiyo ina deni, na swali ni hili: ile 1,906,979 ya bima imepunguza deni la nani?

Wakisema ni pesa iliyotokana na uhai wa kaka na imepunguza deni lake yeye, basi nusu yake ya deni la siku ya kifo, 2,383,724, imebaki 476,745, na warithi wana 3,223,255. Wakisema imepunguza deni la wote wawili, kila nusu inabeba 1,430,235 na warithi wana 2,269,765. Tofauti ni 953,490, pesa ya kusomesha watoto watatu. Dada anaweza kuleta hesabu ya tatu, kwamba hati iandike itakavyo, yeye alitoa 600,000 za mwanzo na 2,184,000 za marejesho, kaka 1,555,528, hivyo kaka ana takriban asilimia 35.8 ya pesa yote na warithi wapate kama 1,627,000.

Kwa maoni yetu hesabu ya pili ndiyo ya haki hapa. Ndugu hawa wenyewe waliandika nusu kwa nusu, na daftari la ardhi ni ushahidi mzito ambao risiti za M-Pesa peke yake haziuvunji kwa urahisi. Ada ya bima ilikatwa kwenye akaunti ya pamoja, na lau angefariki dada, asilimia 60 ingepunguza deni la wote vile vile. Lakini huo ni uamuzi wa familia hii yenye karatasi hizi. Kama ada ilikuwa ikilipwa na kaka peke yake, au hati ingeandika mafungu mengine, tungesema vingine.

Katika 2,269,765, kama hakuna deni jingine la marehemu, mjane ana 283,721, mama 378,294, kila mwana 643,100 na binti 321,550. Sasa rudi kwenye ile kauli ya matangani. Wifi anaweza kusamehe 283,721 zake. Mama anaweza kumpa bintiye hiba ya fungu lake. Hakuna kati yao anayeweza kusamehe 1,607,750 za watoto. Mapatano yanayomnyima mtoto fungu lake huvunjwa mahakamani hata miaka ikipita, na nyumba ikiwa imeshajengwa ghorofa ya pili juu ya msamaha usiokuwapo, hasara ni ya dada.

Dada hana 1,607,750, na kwa makato yake hawezi kukopa zaidi. Kuna wanaosema basi wabaki wamiliki pamoja na warithi wapewe kodi. Tuhesabu. Nyumba kama ile ikikodishwa 30,000, nusu ya warithi ni 15,000. Lakini mwenye nusu ya nyumba ana nusu ya deni: 21,574 kwa mwezi. Warithi wangedaiwa 6,574 kila mwezi, na dada akiwalipia kimya kimya, baada ya miaka mitano kuna deni ambalo hakuna aliyeliandika. Kinachofaa ni kwamba dada amnunue wifi fungu lake sasa, mama atoe hiba yake wakati wa mgao mbele ya kadhi, na mafungu ya watoto, ambayo ni 17 katika 48 ya nyumba yote, yaandikwe kwa majina ya wasimamizi kwa ajili yao. Mkataba useme nani analipa rejesho, kodi inahesabiwaje, na kwamba bei ya kuwanunua watoto itatokana na tathmini ya siku ya kununua. Kufunga bei ya leo kwa malipo ya miaka saba ijayo ni kuwadhulumu mayatima.

Msajili, kodi, na benki kuridhia

Ardhi iliyo rehani haihamishwi bila ridhaa ya benki, kwa hiyo mpango wote uwe umeshaonyeshwa benki kabla ya kusainiwa. Benki itampima dada upya, na inaweza kudai msaini mwingine. Hapo ndipo rekodi yake ya kulipa kwa wakati tangu kifo, na ile hesabu ya 37,852, zinapomtetea. Akipata msaini mpya, aombe awe mdhamini, na jina lake lisiingie kwenye hati miliki, vinginevyo kisa hiki kitarudi.

Kilifi, hatua ya kwanza ni kuhamishia fungu la kaka kwa wasimamizi kwa kibali kilichothibitishwa. Ya pili ni uhamisho kutoka kwa wasimamizi. Kinachomwendea mrithi huhamishwa kama mirathi. Kinachomwendea dada kwa kununua ni mauzo, na Malindi ikiwa eneo la manispaa ushuru wa stempu ni asilimia 4. Fungu la mjane ni moja katika 16 ya nyumba, thamani 462,500, ushuru 18,500, kama mthamini wa serikali atakubali bei hiyo. Kodi ya faida inayotokana na kuuza mali hailipwi kwa mali inayouzwa katika kusimamia mirathi ikiwa mauzo yamekamilika ndani ya miaka 2 tangu kifo. Kwa familia zinazochelewesha kibali, muda huo huisha bila kutambuliwa. Kodi za ardhi za kaunti ziwe zimelipwa.

Kama mkopo ungekuwa wa Kiislamu wa ushirika unaopungua, maswali yangebadilika: hakuna deni la riba, kuna fungu la benki katika nyumba na kodi ya fungu hilo, na badala ya bima huwa takaful, yaani bima ya Kiislamu ya kusaidiana. Mkataba wake usomwe kivyake.

Bima ikikataa kabisa

Pengo ni 29,914 kwa mwezi, na dada hana. Asingoje ilani. Aombe kwa maandishi muda wa mkopo uongezwe, au alipe riba tu kwa miezi kadhaa. Ila ajue kuwa riba peke yake ni takriban 55,620 kwa mwezi, hivyo nafuu hiyo ni ndogo mno kwake. Mirathi ya kaka ina duka na jahazi, na deni linatangulia warithi. Wasimamizi wanaweza kulipa sehemu ya marehemu kutoka humo, na ni wajibu wao kuliangalia hilo kabla ya kugawa chochote. Hilo lisipowezekana, kuuza nyumba kwa hiari kwa 7,400,000, wakati deni ni 4,767,448, kunawaachia dada na mayatima zaidi ya milioni mbili na nusu kabla ya gharama. Mnada hauwezi kuleta hivyo.

Na mnada una ngazi zake. Rejesho likikosekana kwa mwezi mmoja, benki inaweza kutoa ilani ya Sheria ya Ardhi ya 2012 inayompa mkopaji miezi 3 kurekebisha. Kisha ilani ya kuuza ya siku 40, ambayo nakala yake lazima iwafikie pia mmiliki mwenza na mdhamini. Kisha dalali hutoa siku 45. Benki inatakiwa ipate tathmini kabla ya kuuza, na ikiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kuwa haikutimiza wajibu wake mpaka ithibitishe vingine. Mpaka nyundo inagonga, mwenye nyumba anaweza kulipa na kuikomboa. Riba nayo ina kikomo: mkopo ukishakuwa mbovu, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki hakiruhusu riba ivuke kiasi cha mtaji uliokuwa ukidaiwa siku hiyo. Ilani zikianza kufika kwenye sanduku la posta la marehemu Lamu, ambalo hakuna anayelifungua, siku hizo zote zitakwisha bila dada kujua. Ndiyo maana anwani yake iliandikwa kwenye barua ya wiki ya kwanza.